ThinkPad T480 na Linux Mint: miezi saba kwa mkono mmoja

Naandika haya kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto umembeba binti yangu, aliyekubali kulala kwa sharti kwamba nisisogee. Anayetafuta vipimo vya kasi ya prosesa apite tu, hapa hamna. Laptopu yangu naipima kwa swali moja: nikiitupa kitandani katikati ya sentensi kwa sababu mtoto amelia, nikirudi baada ya saa mbili, nitaikuta pale pale nilipoiacha?

Ni ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, mtumba wa Kampala, na ndani yake nimeweka Linux Mint 22, mfumo huria wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Tuko pamoja tangu mtoto ana wiki tatu. Sasa ana miezi saba na nusu.

Mimi ni mfasiri, naishi Bombo, Uganda, barabara ya kwenda Gulu, ambako unaweza kununua sukari kwa Kiswahili au Kinubi na mwenye duka asishtuke. Tangu baraza la mawaziri lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, mimi nimepata vijitabu vingi zaidi vya afya na kilimo vya kutafsiri. Nalipwa kwa neno. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi na mshahara wake, na baba siku nne. Mume wangu alizimaliza zake nne kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Mimi nisiye na mwajiri nilijipa likizo mwenyewe, na mwenye nyumba akaifupisha.

Laptopu niliyokuwa nayo ilikuwa na tabia ya kujisasisha usiku na kujiwasha upya bila kumwuliza mtu. Usiku mmoja nilikwenda kumnyonyesha mtoto, niliporudi kurasa mbili za kijitabu cha ufugaji wa kuku hazipo. Nililia. Mtoto naye akalia. Mama mkwe akatoka chumbani mbio, kanga begani, akidhani tumefiwa.

Nilikuwa bado ndani ya arobaini, kutoka hakukuwezekana. Nikamtuma mdogo wangu Kampala na flashi yenye Mint, nikamwambia asilipe hata senti kabla hajaiwasha mashine kwa flashi hiyo mbele yangu, kwa video. Hili nalisema kwa kila anayenunua laptopu ya mtumba, hata kama hana nia ya kutumia Linux: Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski, na ndani ya dakika tano unajua unachouziwa. Muuzaji alikuwa anasema, “Ssebo, betri hizi mpya kabisa, hazijaguswa.” Mdogo wangu akafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, akaandika upower -d kama nilivyomwelekeza, akageuza simu niione skrini. Betri ya ndani asilimia 91 ya uwezo wake wa kiwandani. Ya nyuma, 58.

“Dada, nimwambieje?”

“Mwambie mpya huanzia 100.”

Bei ilikuwa shilingi 950,000, ikashuka hadi 820,000 pamoja na begi ambalo zipu yake haikumaliza wiki. Ramu ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Baadaye niliongeza kipande cha pili cha ramu, maana T480 ina nafasi mbili na mfuniko wa chini unafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Vipande vya pembeni vinavyoushikilia ndivyo vigumu, tumia kadi ya zamani ya simu badala ya kucha.

Sasa mkono mmoja. Jambo la kwanza nililofanya ni kuwasha vitufe vinavyonata, vile vilivyotengenezewa watu wenye ulemavu wa mikono. Kwenye Xfce viko ndani ya mipangilio, sehemu ya mahitaji maalumu. Ukishaviwasha, unabonyeza Ctrl unaiachia, halafu unabonyeza S, na faili limehifadhiwa. Herufi kubwa vivyo hivyo, Shift kisha herufi. Siku mbili za kwanza nilikuwa naandika kama mlevi. Leo nikikaa kwenye kompyuta isiyo navyo najiona nimefungwa kamba.

La pili sikulifanya mimi, nililikuta. Kwenye Linux, maneno ukiyapitishia kishale yakageuka rangi, tayari yameshanakiliwa. Unakwenda unapotaka kuyaweka, unabonyeza kitufe cha kati cha kipanya, yanatua. Na ThinkPad ina vitufe vitatu chini ya upau wa nafasi, cha kati ni hicho hicho, na kidole gumba kinakifikia bila kiganja kusogea. Juu yake, katikati ya herufi G, H na B, kuna kile kinundu chekundu cha kuendeshea kishale. Miaka yote nilidhani ni pambo la wazee wa benki. Kumbe kilikuwa kinamsubiri mtu mwenye mtoto begani. Nachagua istilahi kwenye waraka wa mteja, nabandika kwenye tafsiri, na mkono haujatoka kwenye kibodi.

Tafsiri nazifanya kwenye OmegaT, programu huria ya kumbukumbu ya tafsiri. Inaukata waraka vipande vipande, sentensi moja moja, na kila ukimaliza kipande ukabonyeza Enter, kinaingia kwenye kumbukumbu. Ukiufungua mradi kesho unarudishwa kwenye kipande ulichokiacha. Kwa mtu anayefanya kazi dakika kumi na moja, anapumzika arobaini, anafanya dakika sita, hiyo ndiyo programu. Waraka mrefu wa kuusoma juu hadi chini sasa unanitisha. Kipande kimoja hakimtishi mtu.

Nikiitwa, nafunga mfuniko tu. Inalala. Nikiufungua, madirisha yote yako vilevile, kishale kinapepesa kwenye silabi ileile. Na masasisho ya Mint yanakaa kwenye kona kama ngao ndogo yenye alama, yanasubiri mimi niseme ndiyo. Kuna mwezi sikusema ndiyo hata mara moja, najua si vizuri, lakini hakuna aliyenivizia usiku. Kabla ya kuyaruhusu napiga picha ya mfumo kwa Timeshift ili nikiharibu nirudi nyuma. Sijawahi kurudi.

Usiku nautumia sana kuliko mchana. F1 inanyamazisha sauti na taa ndogo inawaka kukuhakikishia, Fn na upau wa nafasi zinawasha mwanga chini ya vitufe, hatua mbili, ya kwanza yatosha. Niliweka Redshift iwe inageuza skrini kuwa ya rangi ya chai ya maziwa jua likizama. Yenyewe hutaka kujua uko wapi duniani ili ijue machweo ni saa ngapi. Watu wa Ulaya inawasaidia, machweo yao yanahama mwaka mzima. Mimi niko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, jua letu linazama karibu na saa moja kasoro Januari hadi Disemba. Nikaiandikia 0.6 na 32.5, nikaisahau.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia, ingawa ni mstari mmoja. Kliniki walitaka kujua mtoto ananyonya mara ngapi. Programu za simu za kazi hiyo zinataka akaunti, zinataka bando, zinanionyesha matangazo ya maziwa ya kopo. Nikaweka hii kwenye .bashrc, faili la mipangilio ambalo terminali hulisoma kila ikifunguliwa:

n() { echo "$(date -d '6 hours ago' '+%a %I:%M %p') $*" >> ~/mtoto.txt; }

Kwenye terminali naandika n kushoto, au n kulia, au n choo, nabonyeza Enter, basi. Hizo saa sita za kurudisha nyuma si kosa. Mara ya kwanza faili lilikuwa linasema 02:10, na mama mkwe akiniuliza, “Mwanangu, alinyonya saa ngapi?” nikawa nasoma “saa mbili na dakika kumi,” naye anashangaa, saa mbili usiku si tulikuwa wote mezani? Ukiipunguza saa ya kompyuta kwa sita, unapata saa yetu: 02:10 inakuwa 08:10, saa nane na dakika kumi. Kisha nikagundua kwamba AM yote imekuwa mchana na PM yote imekuwa usiku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, bila mimi kupanga. Hata siku inabadilika alfajiri badala ya usiku wa manane, kwa hiyo usiku wa Jumanne unabaki wa Jumanne mpaka kupambazuke. Nilicheka peke yangu gizani. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamweleza, akasema “Mm,” akalala.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 niliziweka kwenye kalenda ya kawaida, hazina hadithi. Picha zinatoka kwenye simu kwa Syncthing, kupitia hotspoti ya simu yenyewe, faili linakwenda moja kwa moja kati ya vifaa viwili bila kupandishwa mtandaoni, na bando halionji kitu. Mwisho wa mwezi nanakili folda yote kwenye diski ya nje inayokaa kwa mama mkwe, kabatini, ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, chini ya gurbaba zake za sherehe, zile nguo za wanawake wa Kinubi. Sina imani na wingu kama niliyo nayo na kabati lile.

Umeme. T480 ina betri mbili, moja ndani, nyingine nyuma, ya kuchomoa. Inaila kwanza ya nyuma. Ikiisha, unaichomoa mashine ikiwa inafanya kazi, unapachika nyingine, ya ndani inashikilia usukani wakati huo. Ile yangu ya asilimia 58 nimeifanya ya akiba, na nimenunua nyingine ya wati-saa 48. Tangu hapo giza likiingia mtaani natambua kwa sababu feni ya jirani imenyamaza. Chaja nayo ni ya USB-C, ndiyo hiyo hiyo inayochaji simu yangu, na kwenye mfuko wa nepi waya mmoja uliopungua ni nafasi ya nguo nzima ya kubadilisha.

Nilijikwaa mwenyewe mara moja. Kwa TLP, programu ya kusimamia umeme wa laptopu, niliweka kikomo cha chaji kiwe asilimia 80 ili betri zidumu, nikasahau. Jumamosi usiku tokeni za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zikaisha, simu haina salio la kununua, kazi ni ya Jumapili asubuhi, nami nimeanza na 80 badala ya 100. Nilimaliza nikiwa na asilimia nne. Kuna amri, sudo tlp fullcharge BAT1, ya kuijaza mara moja kwa safari kama hizo. Sasa naijua.

Yasiyonifurahisha. Kioo cha aina ya chini, ambacho ndicho nilicho nacho, hakina mwanga mkali: ndani safi, barazani saa nane mchana unajitazama uso. Kisoma alama za kidole hakifanyi kazi na Mint moja kwa moja, na hapo ndipo kingenisaidia mimi kuliko mkurugenzi yeyote, maana nenosiri refu kwa mkono mmoja gizani ni adhabu. Tundu la chaji limechomelewa kwenye bodi kuu, likilegea ni kazi ya fundi, kwa hiyo usiache waya mahali mtoto anapotambaa. Na nyaraka za wateja zenye majedwali wakati mwingine zinahama mistari ndani ya LibreOffice, programu huria ninayotumia mahali pa Word. Fonti ya Carlito imepunguza tatizo, vipimo vyake vinalingana na Calibri, lakini kabla ya kumtumia mteja mgumu bado naomba kompyuta ya shule anayofundisha mume wangu niangalie mara ya mwisho. Kikagua tahajia cha Kiswahili kipo, tena kizuri, ila kaveera kinaipigia mstari mwekundu kila mara.

Naipa nne na nusu kati ya tano. Mwenye kuhariri video au kucheza michezo mizito hapa si pake. Mwenye kazi ya maneno na mtoto mchanga, hata ile ya bei ya chini kabisa itamfaa, mradi betri zimekaguliwa.

Onyo moja ambalo sijaliona likitolewa na mtu mwingine. Ule mpira mwekundu wa kinundu unachomoka. Binti yangu aliligundua hilo wiki iliyopita, kwa vidole viwili, na ulikuwa umeshafika mdomoni nilipoudaka. Sasa unakaa kwenye kopo la pini, rafu ya juu. Kilichobaki kwenye kibodi ni kijiti kitupu kinachouma kidole kidogo, lakini kishale kinasogea, na kitufe cha kati bado kinabandika.