Memori pepe na magemu kwenye PC: rivyuu ya setingi inayouzwa kama RAM ya bure

Wakuu, kuna setingi ya Windows inaitwa Virtual memory, memori pepe, yani ukiuliza tu namna ya kufanya gemu isistaki lazima mtu akuletee hiyo. Video zake zimejaa kila kona na mtaani kuna mafundi wanaiuza kabisa kama huduma, unapeleka mashine unaambiwa tutakuongezea RAM bila kununua RAM, unalipa, unarudi nayo home. Mi naifanyia rivyuu kama bidhaa nyingine yoyote kwa sababu watu wanaitolea hela, na wengi wao ni madogo wa shule na chuo wanaodunduliza, inaniuma kuona hela yao inaenda hivyo.

Mwenye haraka achukue hii aondoke nayo: kama kitu cha kuongeza FPS, yani fremu (picha) ngapi gemu inaonyesha kwa sekunde, naipa nyota 1 kati ya 5. Kama kitu cha kuzuia gemu isijifunge yenyewe katikati ya misheni naipa nyota 4. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na tatizo lote linaanzia pale watu wanapozichanganya.

Mashine yenyewe ni HP EliteDesk 800 G2, zile ndogo za maofisini zinazokuja used, Kariakoo zipo kibao. Ina prosesa ya Core i5-6500, RAM ya 8GB aina ya DDR4 kijiti kimoja, na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti fupi yenye memori yake ya 4GB (VRAM). Nimeanza nayo ikiwa na HDD (diski ya zamani inayozunguka), baadae nikaweka SSD ya SATA (diski ya chipu, ina kasi zaidi), na mwisho kabisa nikaongeza kijiti cha pili cha 8GB, kwaiyo nimeiona setingi hii kwenye hali zote tatu. Magemu ni GTA V ile ya 2015 ambayo yenyewe inataka RAM 4 kwa uchache na 8 ili ukae vizuri, na Red Dead Redemption 2 ambayo inataka 8 kwa uchache na 12 ndo inapumua.

Kwanza tuelewane inafanya nini. RAM ikianza kujaa Windows inachukua vipande ambavyo havijaguswa muda mrefu, kila kipande KB 4, inavitupa kwenye faili lililofichwa ndani ya C linaloitwa pagefile.sys, ndo pejifaili lenyewe, vikihitajika inavirudisha. Ni kama duka la Mangi, RAM ndo kaunta na pejifaili ni stoo ya nyuma, ukipanua stoo bidhaa hazipungukii dukani ila Mangi hajaongezewa spidi ya kumhudumia mteja, kila kitu kilichoko stoo bado atatembea kukifuata. Na ndo lengo lake tangu zamani, hii mbinu ilianza kwenye kompyuta ya Atlas pale Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa 1962, na walichokuwa wanatafuta ni programu kubwa iweze kukaa kwenye memori ndogo. Spidi haikuwa hoja.

Sasa twende kwenye namba maana hapa ndo utaelewa kwa nini gemu haiwezi kuwa nyepesi kwa njia hii. RAM ya DDR4-2133 kijiti kimoja inapitisha kama GB 17 kwa sekunde, SSD ya SATA ikijitahidi sana inafika kama MB 550, na HDD iko chini zaidi tena ukiiambia iokote vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, ambayo ndo kazi yenyewe ya pejifaili, inashuka vibaya mno. Lakini hata hiyo sio hoja kubwa, hoja kubwa ni kusubiri. RAM inajibu ndani ya nanosekunde mia hivi, SSD mikrosekunde mia hivi, HDD inataka kama milisekunde 10. Gemu ikicheza FPS 60 kila fremu moja ina milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa, kwaiyo safari moja tu ya kwenda kwenye HDD imekula zaidi ya nusu ya muda wa fremu, na gemu haiendi safari moja, zinapangana foleni. Ndo maana unaona upo barabarani Los Santos, ule mji wa GTA V, unakimbiza gari vizuri tu FPS iko juu, ghafla picha inaganda nusu sekunde, inaachia, inaganda tena. Ule mgando usiulaumu kwa kadi ya picha, ni mashine inasubiri diski.

Nilichokiona kwa macho yangu ndo hicho hicho. Kwenye HDD nikaipa pejifaili GB 24 nzima, kama video zinavyoelekeza, GTA V haikubadilika chochote, wastani wa FPS ule ule, kukatakata pale pale. Red Dead ndo ilinifundisha zaidi, nikizima pejifaili kabisa inajifunga na meseji kwamba memori imeisha, nikiiacha kwenye otomatiki inacheza, inakatakata lakini inacheza, na nikiipa ukubwa wa kutisha inacheza vile vile kama ilivyokuwa kwenye otomatiki. Nikahamia SSD, migando ikapungua sana bila kugusa setingi yoyote. Nikaweka kijiti cha pili cha RAM, migando ikaisha, na hapo kuna faida mbili ndani ya moja kwa sababu vijiti viwili vikikaa kwenye sloti zinazotakiwa vinafanya kazi sambamba, ile njia ya GB 17 inakuwa 34.

Kuna kitu nataka mkishike vizuri kwa sababu sioni kikielezwa. Windows ina kikomo cha jumla ya memori inayoweza kuziahidi programu, na kikomo hicho ni RAM yako ukijumlisha na pejifaili. Gemu huwa zinaomba kubwa kuliko zinachotumia, zinaweka booking. Fungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inatumia nini, nenda Performance, bonyeza Memory, kuna sehemu imeandikwa Committed na namba mbili zenye mkwaju katikati, ya kwanza ni iliyoahidiwa na ya pili ndo kikomo. Gemu ikijifunga wakati namba hizo mbili zimekaribiana basi ugonjwa wako ni huu na hapo memori pepe ni dawa ya kweli, ongeza, na gemu itaacha kujifunga. Namba zikiwa mbali mbali, mfano 9 kwa 20, hata ukiongeza pejifaili mpaka GB 100 hautaona tofauti yoyote, haina pa kufanyia kazi.

Na hapa naomba wale wa RAM 16 mnaozima pejifaili kabisa eti ili mashine iwe fasta mnisikilize. Msifanye hivyo. Unaweza ukawa umetumia 12 tu kati ya 16 na gemu ikajifunga, kwa sababu kivinjari chako chenye tabo kibao na gemu kwa pamoja vimeahidiwa zaidi ya 16 na stoo hamna. Unabaki unashangaa RAM ipo na gemu limekufa. Alafu Windows ikianguka na ile skrini ya bluu haitakuwa na pa kuandika ripoti ya kilichotokea, fundi atabaki anabahatisha.

Ile kanuni ya zidisha RAM yako mara 1.5 upate ukubwa wa pejifaili wa kuanzia, mara 3 upate wa mwisho, ni ya enzi RAM zilikuwa ndogo. Mwenye 32GB akiifuata anatenga GB 48 za SSD, ya nini? Windows ikiachwa yenyewe inaweza kukuza pejifaili mpaka mara 3 ya RAM, au GB 4 ikiwa hiyo ndo kubwa, ila haivuki moja ya nane ya ukubwa wa diski. Sasa fikiria mtu mwenye SSD ya 128GB, moja ya nane yake ni kama GB 15, na hapo C yenyewe imeshawaka nyekundu imebaki GB 3, hilo faili litakua liende wapi? Haliendi popote, gemu inajifunga, mtu anasema memori pepe imegoma. Kesi nyingi nilizoziona za gemu kujifunga ni C iliyojaa, ukifuta mavideo na yale masetapu ya zamani kwenye Downloads ukabakiza nafasi ya kutosha tatizo linaondoka bila kufungua setingi hata moja.

Mwenye sababu ya kuigusa aguse hivi: Windows na R, andika sysdm.cpl, Advanced, kwenye Performance bonyeza Settings, Advanced tena, Change. Toa tiki ya otomatiki, chagua diski, Custom size, weka namba kwa MB, mfano kwa RAM ya 8GB weka 8192 kuanzia na 16384 mwisho, alafu BONYEZA SET kabla ya OK, wengi wanairuka hiyo na setingi haishiki, restati. Kama una SSD na HDD iweke kwenye SSD. Faida pekee ya ukubwa uliouweka mwenyewe ni kwamba faili tayari limeshatengewa nafasi yake, haliwi linapanuka wakati gemu inawaka.

Wanaoogopa SSD itakufa, chukua Kingston A400 ya 240GB, kampuni yenyewe imeiandikia TB 80 za kuandikwa, ukiandika hata GB 20 kila siku ni miaka kama 10 na ushee. Acheni hofu.

Wenye laptop zisizo na kadi ya picha nawaonea huruma zaidi maana wao ndo wanadanganywa sana. Intel HD yako, ile picha iliyomo ndani ya prosesa, inakopa RAM hiyo hiyo ya mashine, Windows inairuhusu ikope mpaka nusu, kwaiyo 8GB yako gemu na picha vinagawana. Pejifaili haiwi VRAM, mtu asikudanganye. Kwako wewe kijiti cha pili ndo kila kitu kwa sababu picha zinategemea sana upana wa ile njia ya RAM, faida utaiona kuliko hata sie wenye kadi. Na wenye kadi za 4GB kama yangu, ukipandisha textures (ubora wa picha zinazofunika vitu kwenye gemu) mpaka juu VRAM inajaa, inamwagikia kwenye RAM ya kawaida, RAM nayo inamwagikia kwenye pejifaili. Shusha textures ngazi moja, hiyo ni bure na inaonekana hapo hapo. Na kwenye simu ni habari ile ile, RAM Plus ya Samsung inachukua kipande cha storeji, inasaidia apu zisifungwe huko nyuma, gemu haiongezewi spidi.

Sasa huduma ya mafundi. Kuna duka moja, jina naliacha, dogo wa nyumbani alipeleka laptop yake ikarudi na stika ya gaming boost. Nimeifungua nikakuta kazi waliyofanya ni moja, pejifaili limewekwa ukubwa wa kudumu kwenye HDD, kubwa mpaka C imebaki haina nafasi, na apdeti za Windows zikawa zinagoma kwa kukosa pa kushukia. Gemu inakatakata kama mwanzo. Dogo alilipa hela ambayo angeongezea kidogo tu apate kijiti cha RAM used. Nilirudisha otomatiki, nikapunguza programu zinazojiwasha zenyewe, nikapuliza vumbi kwenye feni, angalau ikapata unafuu. Hiyo huduma naipa sifuri na siipunguzii ukali, kumuuzia mtoto setingi ya bure kwa jina la RAM sio ufundi.

Ila wapo mafundi wazuri na namna ya kuwajua ni rahisi, fundi anayejua anawasha gemu kwanza, anaangalia Task Manager wakati inakatakata, anaona kama ni RAM imejaa, diski iko asilimia 100, au prosesa ndo imezidiwa, ndo anakwambia ununue nini au usinunue kabisa. Anayekimbilia setingi kabla ya kuangalia chochote, chukua mashine yako.

Na ukienda kununua RAM jua kwanza kama mashine yako ni DDR3 au DDR4, haziingiliani, na za laptop ni fupi kuliko za desktop. Usilipe ukaondoka nayo mfukoni bila kuijaribu. Iwekwe mbele yako, mashine iwashwe, ingia Task Manager kwenye Memory, angalia jumla imesoma sawa, angalia Speed, na pale kwenye Slots used uone vijiti vyote viwili vimehesabiwa, alafu omba wairun MemTest86, programu ya kupima RAM, hata raundi moja ukiwa umekaa hapo hapo dukani.