Kulanti ya pikipiki ya porini: ipi ununue ukiwa Nakuru

Kama unaendesha Boxer au XL125, mwongozo huu si wako. Injini hizo hupozwa na upepo. Naandikia wenye rejeta, yaani injini zinazopozwa na kulanti (kimiminika cha kupozea): CRF250L, KLX250, KTM na nyinginezo tunazopanda nazo Menengai.

Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hapa sufuria ya maji huchemka karibu nyuzi 94, wala haifiki 100. Kizibo cha rejeta hubana presha ndiyo maana injini hustahimili zaidi ya hapo, lakini mpira wake ukichoka, maji hutokota mapema na kumwagika kwa bomba la pembeni. Watu huona matone wakakimbilia kuchomea rejeta nzima, kumbe ni kizibo. Anza nacho.

Chaguo langu la kwanza ni kulanti ya pikipiki iliyochanganywa tayari, nusu glikoli (kemikali kuu ya kulanti) nusu maji safi, iliyoandikwa kwamba haina silikati, kemikali ya kuzuia kutu. Honda huonya katika vitabu vyake vya ufundi kwamba silikati inaweza kumaliza sili (kizuia mvujo) ya pampu ya maji mapema au kuziba njia za rejeta. Injini nyingi za aina hii hunywa lita moja hivi, kwa hiyo hata chupa ya bei juu haikuumizi sana ukilinganisha na kufungua pampu.

Hilo la pampu nalijua kwa mkono wangu. Msimu mzima nilijaza maji ya kisima. Siku moja nikaona tone likining'inia kwenye kitundu kidogo chini ya pampu. Nilipofungua, chumvi nyeupe ilikuwa imeganda kwenye mapanga yake, na shafti imechimbika mstari unaonasa ukucha. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: kikitoa maji, sili ya maji imekwisha, kikitoa oili, ni sili ya upande wa pili. Usikizibe kwa gundi hata fundi akikushauri, maana maji yatatafuta njia ya kuingia kwenye oili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini tena.

La pili ni kulanti nzito ya kuchanganya mwenyewe. Ubora ni uleule, na hutoka nafuu ukiwa na pikipiki mbili. Tia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri, na usome chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Usizidishe glikoli ukidhani unaongeza nguvu. Maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli.

La tatu, kulanti isiyo na maji kabisa. Huchemka karibu nyuzi 180, na kwa anayepanda mawe kwa gia ya kwanza siku nzima ni kitu kizuri. Naishusha kwa sababu ni ghali, mfumo lazima ukaushwe maji yote kwanza, na ukivuja huko Eburru huwezi kuongeza maji ya chupa bila kuiharibu.

Kulanti ya magari ya bei ya chini naiweka ya nne, na hapo ni kama lebo yake inasema wazi ina nini ndani. Rangi isikudanganye: kijani ya kampuni moja si kijani ya nyingine, na zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji. Maji matupu ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Unga wa kuziba mivujo siununui. Mirija ya rejeta ya pikipiki ni myembamba, na unga hauchagui tundu.

Ukinunua kulanti, nunua na klipu mpya za mipira ya kupitishia maji. Minya kila mpira injini ikiwa baridi. Uliolainika kama ndizi mbivu au wenye nyufa karibu na klipu, badilisha. Kinga za rejeta ukipata, funga, kwani kuanguka mara moja hukunja mbavu zake. Mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta injini ikiunguruma ni gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na silinda) imekufa, na hapo hakuna kulanti itakayokusaidia.

Badilisha kulanti kila baada ya miaka miwili. Ile ya zamani usiimwage uani: ni tamu, mbwa huilamba, na glikoli ya ethilini huua figo. Mtoto pia anaweza kuionja.