Lisbon: chakula kitamu, lakini ule mkate wa mezani bado unaniuma

Nimekaa na hii hasira wiki kadhaa sasa, mume wangu ananiambia niachane nayo lakini siwezi, wacha niseme tu.

Mama alikuja kutoka Mombasa kunitembelea huku Ujerumani ninakoishi, nikaona haiwezekani arudi nyumbani ameona baridi na supamaketi peke yake, nikakata tiketi za Lisbon, Ureno, siku tatu. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano au mwanzo wa sita hivi, jua zuri, kuta za nyumba zimepigwa vigae vya bluu na nyeupe hadi mama akawa anazipapasa kwa mkono. Mji ni vilima vitupu, mwenye magoti mabovu ajipange.

Sasa jioni ya siku ya pili, miguu imekwisha, tukaingia mgahawa mmoja pale Baixa, mitaa ile ya chini iliyonyooka kwa sababu ilijengwa upya baada ya tetemeko la 1755. Jina silitaji. Weita akatuambia "mesa para dois" na mama akanishika mkono, "Umesikia? Amesema meza!" Maana asubuhi nilimwambia meza, leso, kopo, bendera, yote hayo tumeyatoa kwa hawa Wareno, akakataa kabisa. Alifurahi mno mama wa watu.

Hatujaagiza hata maji, yule weita akatuwekea kikapu cha mkate, bakuli la zeituni, vijibini viwili vimefungwa kwenye karatasi na vikopo viwili vya dagaa waliosagwa. Mama akasema mashallah, watu hawa wana ukarimu. Na kwetu ndivyo, ukiwekewa kitu mbele yako kabla hujafungua mdomo basi hicho ni cha mgeni, na kukikataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Akamega kipande kimoja cha mkate akala na zeituni tatu. Tatu, kokwa nilizihesabu kwenye kisahani wakati wa ugomvi. Jibini hatukuigusa, vikopo hatukufungua.

Chakula chenyewe sitakisingizia, kilikuwa kitamu. Tulikula bacalhau à Brás, yule samaki wa chumvi aliyekaushwa, wanamloweka kisha wanamchambua na kumpika na mayai, kitunguu na viazi vya kukaanga vyembamba kama njiti. Mama tonge la kwanza tu akasema huyu ng'onda huyu, tena kapikwa na anayejua.

Bili ikaja. Mkate wa watu wawili, zeituni, vijibini viwili, vikopo viwili, vyote vimeandikwa, euro 17 na senti zake juu ya chakula tulichoagiza. Nikamwita kwa adabu nikamwonyesha, hivi hapa havijafunguliwa. Akacheka. Akasema kila mtu anajua. Halafu akamtazama mama, buibui lake, kuanzia juu mpaka chini, akasema kwa Kiingereza kama hamna pesa msikae kwenye meza za watu. Mama Kiingereza anakisikia vizuri sana, amefanya kazi bandarini miaka mingi. Aliinamisha macho akaanza kufungua pochi yake, "Lipa mwanangu, twende, tusigombane ugenini."

Hapo ndipo nilipowaka. Sheria ya Ureno iko wazi, kitu ambacho mteja hakuagiza na hakukigusa hakilipwi, hata huo mkate wa mwanzo wanaouita couvert. Na kila mgahawa lazima uwe na kitabu cha malalamiko, livro de reclamações, mteja akikitaka apewe. Nilikitaka. Akasema hakipo na tangazo lake liko ukutani nyuma ya mgongo wake! Nikakaa. Mama ananivuta mkono, mimi nimekaa. Mwisho akatoka meneja, akakileta, nikaandika ukurasa mzima, nikapewa nakala yangu, na ghafla zile euro nyingi zikafutwa kwenye bili, nikalipia mkate na zeituni tu. Radhi kwa mama hakuna aliyemwomba, na hilo ndilo linaloniuma, pesa basi.

Nilirudi hotelini nimeapa Lisbon sikanyagi tena. Lakini kesho yake nikaanza kulegea, nisiwe mwongo. Tulikwenda Belém tukala zile keki ndogo za maziwa na mayai kwenye duka linalozioka tangu 1837, za moto, unazinyunyizia mdalasini, mama alikula nne. Kanisani Jerónimos akasimama kwenye kaburi la Vasco da Gama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe alilala pazuri hivi," tukatoka. Mchana kule Mouraria tukaingia kijiduka cha mama mmoja wa Msumbiji, anauza chamuças, yaani sambusa zetu hizi hizi, na pilipili ya kuwasha kwelikweli. Tulipomaliza akaongeza moja kwenye sahani, akamwelekezea mama yangu kidole, "para a mãe," yaani ya mama. Nikauliza bei, akakataa pesa, akatikisa kichwa tu.

Usiku mtaa wa Alfama tukasikiliza fado, nyimbo zao za huzuni. Taa zinapunguzwa, watu wananyamaza hata kijiko hakilii, mwanamke anafumba macho anaimba. Mama haelewi neno na machozi yanamtoka.

Kwa hiyo nikupe nyota ngapi Lisbon? Nilitaka kuandika moja. Mji ni tano, ule mgahawa hata sifuri ni nyingi. Ukienda, vile vitu vikiwekwa mezani sema virudishwe hapo hapo, usione haya. Mimi nitarudi, nadhani, na mama akitaka nitarudi naye. Ile nakala ameichukua yeye, ameiweka kwenye mkoba wa pasipoti, kila akipiga simu kutoka Mombasa ananiuliza, "Wale watu wamejibu?" Bado mama, hawajajibu.