Waliniuzia prosesa isiyotoa picha, kisha wakaniambia nimlete mume wangu

Duka silitaji. Liko mjini kati hapa Mwanza, na aliyewahi kutafuta vifaa vya kompyuta mjini anajua maduka ya maana si mengi. Nilikuwa nataka mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), prosesa (ubongo wa kompyuta) na ramu (kumbukumbu yake) za kompyuta inayokaa chini ya TV sebuleni. Ya zamani ilishachoka: video za 4K zinakwamakwama, feni inanguruma mpaka maneno ya filamu huyasikii. Kasha na pawa saplai bado vizima, kwa hiyo nilihitaji bodi ndogo ya kuingia kwenye kasha lile lile.

Muuzaji nilimweleza kila kitu taratibu. Kwamba ni ya filamu na mpira, hakuna anayecheza gemu. Kwamba kadi ya picha siweki, kwanza kasha halina nafasi, pili sitaki feni nyingine sebuleni. HDMI itoke kwenye bodi iende moja kwa moja kwenye TV. Akaitikia, "Nimekuelewa dada, nakupa i5 kizazi cha 12, hutajuta." Akamwagiza kijana wake anifungie palepale bila malipo: prosesa, feni yake, ramu, vyote juu ya bodi. Nikaondoka na bodi iliyokwisha kufungwa na risiti iliyoandikwa "i5", basi.

Nimefika nyumbani Nyegezi, nimeunga, nimewasha. Feni inazunguka, TV nyeusi. Nikabadilisha waya, nikaazima TV ya jirani, wapi! Pembeni ya bodi kuna vitaa vinne vidogo kama punje za mtama, na kile chenye maandishi VGA kimeganda kinawaka. Maana yake bodi inatafuta pa kutolea picha, haipaoni. Nikang'oa feni ya prosesa, nikafuta ile pesti ya kijivu kwa tishu mpaka maandishi yakatokea kwenye bati: i5-12400F.

Hiyo F ndiyo kesi yenyewe. Intel, watengenezaji wake, huiweka kwenye prosesa ambazo sehemu yake ya picha haifanyi kazi. 12400 isiyo na F inatoa picha yenyewe, na hata video za AV1 (mtindo mpya wa kubana video) inazifungua bila kuhema. Yenye F, bila kadi ya picha, haikupi hata nukta moja, na tundu la HDMI kwenye bodi linabaki pambo. Mwenye kadi kubwa ya gemu achukue F, anaokoa hela. Mimi nilishasema sina kadi! Nilisema mara ngapi?

Kesho yake nikarudi na bodi na picha ya kile kitaa kwenye simu. Muuzaji hakuitazama simu. "Mama, umechomeka vibaya." Nikamwambia prosesa ni F, haina picha. Akacheka, akageukia wateja wengine, akasema kwa sauti: "Hivi vitu vina wenyewe. Mwambie mzee wa nyumbani aje, tutaelewana naye." Jana yake nikiwa na hela nilikuwa dada, tena dada aliyeeleweka. Nikajitolea kuongeza tofauti ya bei anibadilishie. Akasema nimeshang'oa feni, warantii imekufa, halafu akagonga kidole kwenye kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kibao hicho kisiwatishe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kumuuzia mtu kitu kisichoweza kufanya kazi aliyokutajia ni kumpotosha. Nilimwambia hivyo. Akapokea simu.

Prosesa nyingine, ya bila F, niliagiza Kariakoo, ikaja na basi mpaka stendi ya Nyegezi. Hela ilikuwa ya UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na umeme wa huku mnaujua. Ile F ipo kabatini, anayeitaka aniambie.

Sasa kwa haki niseme na hili. Bodi yenyewe ni nzuri mno. Nilipoweka prosesa ya bila F, picha ilitoka mara ya kwanza, feni husikii hata usiku, mpira unaona jasho la mchezaji. Na yule kijana aliyefunga ana mkono mtulivu: nilipotoa prosesa nilikagua soketi kwa tochi, pini 1700 zote zimesimama, hata moja haijapinda. Bei ya bodi na ramu pia ilikuwa chini kuliko maduka mawili niliyoyapita Makoroboi. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale kabisa. Pengine nisiseme hivyo. Bodi wanazo, na ni halisi.

Lakini kila nikikumbuka kile kicheko mbele za watu, hapana. Kijana akifungua duka lake nitakuwa mteja wa kwanza. Kwa yule muuzaji sirudi, hata kuchukua skrubu. Mkilazimika kwenda, prosesa isifungwe kwenye bodi kabla hamjasoma wenyewe maandishi ya juu yake, jina kamili liandikwe kwenye risiti pamoja na herufi ya mwisho, na picha iwake kwenye skrini yao kabla hamjatoa hata shilingi. Wakikataa, ondokeni na hela zenu.