eBird na nususpishi za kwera: inafaa, ila tazama kisogo kwanza

Programu ya eBird, ya kuandika orodha za ndege ulioona na kutazama ramani zao, ni ya bure; mradi wenyewe unaendeshwa tangu 2002 na Cornell Lab, kituo cha utafiti wa ndege cha Marekani. Kwa anayefuatilia Ploceus cucullatus, yule kwera anayejaza viota kwenye miti ya vijijini, ndiyo ramani ya kufungua kwanza. Kabla ya kutoka, pakua pakiti ya ndege wa eneo uendako ili ufanye kazi hata pasipo mtandao. Kisha ruhusu nususpishi, yaani makundi ya kimaeneo ndani ya spishi moja, zionekane kwenye orodha, la sivyo utapata jina la spishi tu.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Magharibi mwa Kenya na Uganda ipo nususpishi bohndorffi, ambaye dume wake wa msimu wa kuzaa ana kisogo cha hudhurungi-nyekundu. Mashariki mwa Kenya hadi pwani yupo paroptus, kichwa cheusi chote mpaka kisogoni. Afrika Kusini ni spilonotus: utosi wa njano, weusi umebaki usoni. Picha ya uso peke yake haitenganishi wale wawili wa kwanza. Subiri dume alete ukanda wa jani na kuning'inia kiotani. Akigeuka, piga picha ya kisogo.

Jihadhari na Nairobi. Kwera mwenye utosi wa njano na mgongo wa madoa hapo ni Ploceus spekei, spishi nyingine kabisa. Tazama jicho: lake limepauka, la spilonotus ni jekundu.

Kasoro inayoniudhi ni kwamba hakuna kinachomzuia mtu kuchagua nususpishi kwa kuangalia tu mahali aliposimama. Ramani ikijazwa hivyo hurudia mipaka iliyokwisha chorwa, na pale nususpishi mbili zinapokutana haituambii lolote. Majike, na madume walio nje ya msimu, waandikwe kwa spishi tu.

Rangi za ramani nazo husomwa vibaya. Zambarau iliyokolea si wingi wa ndege; ni sehemu kubwa zaidi ya orodha kamili (zenye kila ndege aliyetambuliwa) zilizomtaja. Mraba wa kijivu una orodha lakini yeye hakutajwa. Pasipo rangi, hakuna orodha iliyoletwa, basi usiseme hayupo.

Ninaipendekeza, kwa sharti moja: ukichagua nususpishi, ambatisha picha ya kisogo na uandike kwenye maelezo ulichokiona: rangi ya kisogo, utosi na jicho.