Seva ya OpenSimulator nyumbani: ufungue poti au upitie VPN?

Rafiki yako wa Gulu hawezi kuingia kwenye ulimwengu wa 3D uliouweka kwa programu ya OpenSimulator kwenye kompyuta yako ya nyumbani Kampala. Ufungue poti (mlango wa mtandao) kwenye ruta, au umpitishe kwenye VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) kama WireGuard?

Kwa gharama, poti inashinda: hulipi kitu. Ila kwanza linganisha anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta na ile inayoonekana ukiwa nje. Zikitofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje, jambo la kawaida kwa intaneti ya simu. Hapo ufungue poti usifungue, hodi haitasikika. VPN yenye seva ndogo ya kukodi itapenya, na bili yake huja kila mwezi.

Kwa uhakika, sina upande. Poti 9000, inayotumiwa na OpenSimulator, inahitaji TCP na UDP pia, njia mbili za kusafirisha data. Ukisahau UDP, nenosiri linakubaliwa, kisha mgeni anakwama akisubiri eneo lifunguke. Dalili hiyohiyo huja ExternalHostName, yaani anwani ambayo seva humpa mgeni aiendee, ikibaki na anwani ya ndani, mfano inayoanza na 192.168. VPN haitibu hilo. Ni lazima uandike hapo anwani ya seva ndani ya VPN.

Matunzo? Umeme ukirudi, ruta inaweza kupewa anwani mpya, basi poti inataka DNS inayojisasisha, yaani jina linalofuata anwani mpya. VPN inataka kila mgeni aweke programu na apewe ufunguo: kwa marafiki watatu sawa, kwa wageni wa kila wiki ni kero. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, zote zinazima.