TAHADHARI: Spoki za "stenlesi" na fundi wa mlangoni, wenye baiskeli Shinyanga kaeni macho

Wakuu, salaam. Waendesha daladala za baiskeli, wabeba mkaa, wabeba maziwa kama mimi na wote mnaokanyaga baiskeli namba 28 (za magurudumu ya inchi 28) hapa mjini, kuna muuzaji wa vipuri anayeliza watu kwa spoki. Jina la duka siliandiki, kesi sina ubavu nazo. Ila mchezo wenyewe naueleza wote, maana ukiujua utautambua hata ukichezewa mji mwingine.

Unaanza na spoki moja tu. Yangu ilikatika gurudumu la nyuma, upande wa friwili (ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo), palepale kwenye kona inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwa baiskeli ya mzigo hicho si kioja. Spoki za upande ule hukazwa kuliko za kushoto, kwa kuwa friwili imekula nafasi na ringi lazima ikae katikati. Kazi yake fundi mwaminifu haimsumbui: anatoa tairi, anafungua friwili kwa funguo yake, anapitisha spoki mpya ya urefu uleule, anaikaza, kisha anaizungusha ringi na kuinyoosha mpaka iache kucheza. Unalipa spoki moja na ufundi, unaondoka.

Pale huuziwi moja. Kuna kijana anakaa mlangoni na spana ya spoki, anajifanya hahusiani na duka. Anakupokea baiskeli kwa heshima zote, "shikamoo mzee, kaa kivulini". Ukishakaa kivulini tu, anazungusha nipeli (vile vinati vidogo vinavyokaza spoki kwenye ringi) za spoki ambazo hazijakatika, moja huku, moja kule. Akikuita, ringi inayumba kama mlevi, na ukizibana spoki mbilimbili kwa vidole zinalegea kweli. "Mzee, hizi zote zimechoka, ringi yako itakufa njiani." Mwenye duka anatokea kama kwa bahati na pakiti mkononi. Gurudumu la nyuma la 28 kwa kawaida lina spoki 40, la mbele 32, kwa hiyo piga mwenyewe hesabu ya tofauti kati ya kununua moja na kununua seti.

Sasa hizo spoki zenyewe. Anaziita stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, na bei yake ni karibu mara mbili ya za kawaida. Zinang'aa, hilo silikatai. Lakini ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki ya rangi ya fedha: sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu iliinyanyua spoki nzima ikaning'inia. Stenlesi ya spoki haivutwi hivyo, ikivutwa ni kidogo sana. Chuma kilichopakwa zinki si kitu kibaya, wengi tumekitumia miaka yote, ubaya ni kukilipia kwa bei ya stenlesi. Tena hizi ni laini. Spoki nzuri ukiikunja kidogo na kuiachia inarudi kunyooka, hii inabaki na tumbo. Na uzi wake, ile mikato ya skrubu kwenye ncha, ni wa kuparuza, nipeli inafika mahali inazunguka tu bila kukaza.

Urefu ndio unaofichwa kwa ustadi. Ukitaka kulinganisha na ya zamani, mwenye duka anazishika zote mbili ndani ya ngumi, vichwa vimefichwa kiganjani, anakuonyesha ncha za uzi zilivyolingana. Ukimwambia afungue ngumi utaona kichwa kimoja kiko chini ya kingine kwa upana wa kucha. Upana wa kucha unatosha kabisa kukuharibia. Spoki fupi inashika nyuzi chache kwenye nipeli na kung'oka ukipandisha mzigo. Ndefu inatokeza ndani ya ringi, inapenya ule utepe wa mpira na kutoboa tyubu kwa chini. Ukirudi na pancha, unaambiwa tyubu yako ni kuukuu, nunua mpya. Hiyo nayo itatobolewa. Ukiona tundu liko upande wa ringi badala ya upande wa barabara, acha kutafuta msumari, ni spoki hiyo.

Na zile za zamani? "Acha tu mzee, hizo skrepa." Nyuma ya duka niliona kopo la mafuta ya taa limejaa spoki zinaoshwa, na kipande cha msasa pembeni. Sitaki kuapa zinakwenda wapi, lakini mtu hasugui skrepa kwa msasa.

Niliporudi kudai hela yangu kijana wa mlangoni akawa hanijui, na mwenye duka akasema ameuza spoki, ufundi haumhusu. Risiti hakuna.

Kwa hiyo ukikatikiwa na spoki, kabla hujafika kwa fundi yeyote, zigonge zilizobaki kwa ukucha. Zilizokaza zinalia, zilizolegea zinatoa mlio mfu. Ukijua zako zinalia, hakuna wa kukuambia zimechoka. Simama na baiskeli yako, kivuli kitakusubiri. Spoki iliyokatika nenda nayo dukani, vipande vyote viwili, na ulinganishe wewe kwa mkono wako ukianzia kichwani. Fundi akitaka kuingiza spoki ya upande wa friwili bila kuifungua friwili, kwa kuikunja kona kama ndoano, mkatalie, labda uwe porini na unataka kufika nyumbani tu. Za zamani ondoka nazo.

Mwenye risiti anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Bila risiti utahangaika, ndiyo maana pale hawaitoi.

Waliokwisha fungiwa seti ya aina hii: toeni tyubu, pitisheni kidole ndani ya ringi polepole. Kila ncha inayochoma isagwe kwa tupa isawazike na nipeli, utepe urudishwe, na mzigo upunguzwe mpaka mpate spoki za maana.